Kalehe: Ndoto ya mafuriko ikianza kubadilika, si wakati wa kuacha vikao

Alhamisi tarehe 4 Mei 2023 ilikuwa siku ya soko huko Nyamukubi. Mvua ilinyesha kwa nguvu, mito ikashuka kutoka milimani na mawe, matope na miti, na vijiji vya Nyamukubi na Bushushu, kandokando ya ziwa Kivu, wilayani Kalehe, vikafunikwa. Watu zaidi ya 400 walikufa. Wengi walizikwa kwa pamoja katika makaburi ya haraka, na wengine hawakuonekana tena. Baada ya hapo yalikuja mahema, unga, mafuta na blanketi, na wakubwa walifika na magari yao wakarudi walikotoka. Usingizi haukuwa kwenye orodha ya misaada.

Kwa mtu aliyeponea, maji hayo hayajakauka. Yanarudi usiku. Anaota ndoto ileile, kelele ileile, na anaamka mahali palepale pabaya, moyo ukidunda na shuka limelowa jasho. Anaogopa kulala tena. Anakaa mlangoni mpaka kunakucha, kisha anakwenda shambani akiwa amechoka kama mtu aliyebeba mizigo usiku kucha. Na katika wilaya hii mambo hayakuishia hapo: mapema mwaka 2025 vita vilifika Minova, vikafuata njia ya ziwa hadi Bukavu. Kuna watu ambao leo wana ndoto mbili, ya maji na ya risasi, na wakati mwingine zinaingiliana.

Baadhi yao hupata bahati ya kufika kwenye nyumba ya kusikilizia au kituo cha afya ambako kuna msaidizi wa kisaikolojia na kijamii, yule ambaye kila mtu anamwita APS. Wanakaa kikao cha kwanza, cha pili, cha tatu. Halafu ndoto inageuka. Maji yanakuja kama kawaida, lakini safari hii kuna mtu ambaye hakuwepo siku ile. Au rangi ya maji si ileile. Au marehemu anaonekana uso wake wazi, wakati zamani alionekana mgongo tu. Mgonjwa anashtuka, anamweleza jirani, na jirani anajibu: "Unaona sasa? Wamekufungulia mlango." Juma linalofuata harudi kwenye kikao.

Hapo ndipo kuna kosa, na si kosa dogo. Ndoto iliyoganda miezi au miaka bila kubadilika, ikianza kusogea, mara nyingi ni dalili kwamba kazi imeanza kufanyika ndani ya mtu. Anayeacha wakati huo ni kama mkulima aliyepalilia msimu mzima, kisha anaondoka mahindi yakianza kutoa mbegu.

Inafaa kueleza ndoto hizi zinavyokwenda, maana watu wengi huziweka zote katika kapu moja. Ndoto ya kawaida huchanganya mambo. Mtu anaota yuko shuleni na shule iko ndani ya nyumba ya shangazi, mwalimu ni mchungaji, na haoni ajabu. Akili inachukua ya leo na ya zamani inayashona pamoja. Ndoto ya mtu aliyepata pigo kubwa haifanyi hivyo. Mara nyingi inarudia tukio kama lilivyokuwa, au karibu sana na lilivyokuwa, kama kanda ya redio iliyokwama na kurudia sentensi moja. Haishoni kitu. Ndiyo maana haiishi.

Ernest Hartmann, daktari wa magonjwa ya akili aliyefanya kazi Boston, Marekani, alikusanya ndoto za watu waliopatwa na misiba mbalimbali, usiku hata usiku, kuona zinavyosafiri. Aligundua jambo ambalo mtu wa Kalehe atalielewa haraka. Mtu aliyeponea moto huanza kuota moto. Baadaye anaota wimbi kubwa la maji linamkokota, ingawa hakuna maji yaliyomgusa. Kwa Hartmann, picha ya wimbi ilikuwa ni hofu yenyewe, hofu iliyopata umbo jingine. Kisha, kidogo kidogo, ndoto zinaanza kuingiza mambo mengine ya maisha ya mtu huyo, tukio linazidi kuwa sehemu tu ya ndoto, na mwishowe linaota kama mambo mengine yanavyootwa. Wapo ambao hupita njia hiyo wenyewe bila msaada. Wapo ambao hukwama kwenye hatua ya kwanza, na hao ndio wanaohitaji vikao.

Chukua mfano wa mama muuza sambaza. Ndoto yake ya kwanza ni fupi: soko limejaa, anasikia mlio kama malori mengi yanashuka mlimani, anamshika mtoto mkono, mkono unateleza, anaamka. Haipiti hapo hata siku moja. Anaanza vikao. Baada ya kusimulia mara kadhaa, kwa utaratibu, siku ile kuanzia asubuhi, ndoto inakuja na kitu kipya: nyuma ya soko kuna nyumba ya baba yake wa Bunyakiri, ambayo kwa kweli iko mbali sana na pale. Anaamka akitetemeka zaidi kuliko jana, kwa sababu ndoto aliyoizoea imekuwa ngeni. Usiku mwingine anapiga kelele na sauti inatoka, zamani haikutoka. Baadaye anafika kwenye kilima na kutazama chini. Kuna usiku ambapo mtoto anasimama mbele yake, hasemi neno, na mama huyu anaamka analia mpaka asubuhi. Miezi inapita. Siku moja anaota yuko sokoni anagombana na mteja juu ya bei ya sambaza, na maji hayaji kabisa. Anapoamka anashangaa kwamba amelala mpaka jua limetoka.

Katika njia hiyo yote, usiku ulioonekana mbaya kuliko zote, ule wa mtoto kusimama, haukuwa hatua ya kurudi nyuma. Hofu ilikuwa imepungua kiasi cha kuacha nafasi ya huzuni. Mtu anayekimbia hana muda wa kulia. Kilio kinakuja akishafika.

Kwa nini kusimulia mchana kunabadilisha ndoto ya usiku? Kuna tiba moja ambayo ilitengenezwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, na ambayo ilijaribiwa na wakimbizi katika kambi ya Nakivale, Uganda, na baadaye Goma na watu waliokuwa wapiganaji. Mgonjwa anatandika kamba chini. Kamba ni maisha yake. Anaweka maua mahali pa mambo mazuri na mawe mahali pa mambo mabaya, kuanzia kuzaliwa mpaka leo. Kisha, kikao baada ya kikao, anasimulia kila jiwe kwa mpangilio: ilikuwa mwaka gani, wapi, aliona nini, alisikia nini, mwili ulifanya nini, na sasa, wakati anasimulia, mwili unafanya nini. Wanaoifanya wanaeleza kwamba kumbukumbu ya hofu hukaa akilini bila tarehe na bila mahali. Harufu ya matope au ngurumo inatosha kuiamsha, na mwili unaamini kwamba jambo linatokea sasa. Kusimulia kunairudishia tarehe. Inakuwa ya Mei 2023, Nyamukubi, siku ya soko. Haiwi tena ya usiku wa leo. Na kumbukumbu iliyopata tarehe inaweza kukaa jirani na kumbukumbu nyingine, kama jiwe lile kwenye kamba linavyokaa kati ya ua na ua. Ndiyo sababu nyumba ya baba inaanza kuonekana nyuma ya soko.

Jambo moja lisemwe wazi, maana kuna APS ambao huwaambia wagonjwa "lazima uumie kwanza ndipo upone." Si lazima. Mwaka 2002 Edna Foa wa Marekani na wenzake walichapisha uchunguzi wao kuhusu watu wanaosimulia tukio lao katika tiba, na waliona kwamba wanaozidiwa mwanzoni ni wachache tu. Tena hao wachache walifaidika na tiba kama wengine. Kwa hiyo mwenye kuona ndoto yake imekuwa kali juma la tatu asidhani amepotea, na asiyeona ukali wowote asidhani tiba yake haifanyi kazi.

Ipo njia nyingine, ambayo inashika ndoto yenyewe badala ya tukio. Barry Krakow na wenzake waliijaribu katika jimbo la New Mexico, Marekani, kwa wanawake 168 waliokuwa wametendewa ukatili wa kingono na waliokuwa wakiota ndoto za kutisha. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001. Mgonjwa anachagua ndoto, kwanza isiyo kali sana. Anaibadilisha apendavyo, akiwa macho, mchana. Kisha anaipitia ile mpya akilini kwa dakika chache kila siku, kama mtu anayejifunza wimbo wa kwaya. Ya zamani hairudii. Vikao vilikuwa vitatu tu, na ndoto mbaya zilipungua, usingizi ukaongezeka, na hata hofu ya mchana ikashuka.

Mtu akiisikia hii mara ya kwanza anacheka. Unawezaje kuamuru ndoto? Lakini hakuna anayeamuru. Ndoto inayojirudia ni kama mazoea, na mazoea hubadilika kwa kuzoeshwa kitu kingine. Tena mabadiliko yanayofaa mara nyingi si makubwa. Mama wa sambaza hahitaji kuota anazuia mto kwa mikono miwili. Anaweza kusema maji yalifika magotini yakasimama. Au mtu fulani juu ya kilima alimwita kwa jina lake la utotoni. Asiyejua kuandika anaweza kuisema kwa sauti, au kuichora chini kwa kijiti. Hilo linafaa kukumbukwa hapa Kivu, ambako karatasi ya mradi daima inadai sahihi na wengi wanaweka kidole.

Kuna wanaosema kwamba mambo haya ni ya Wazungu, na kwamba Mkongomani anatibiwa na maombi na ukoo. Jibu lipo hapahapa. Mwaka 2013 jarida kubwa la udaktari la Marekani lilichapisha utafiti uliofanyika mashariki mwa Kongo, katika vijiji 16, kwa wanawake waliopitia ukatili wa kingono. Katika vijiji vingine walipewa msaada wa mtu mmoja mmoja wa kawaida. Katika vingine walifanya tiba ya makundi: kikao kimoja cha mtu peke yake na 11 vya pamoja, wakijifunza kuchunguza mawazo yaliyowabana, kama lile la "ni kosa langu." Waliowaongoza hawakuwa madaktari. Walikuwa wasaidizi wa hapa, wasio na diploma kubwa, waliofundishwa na kufuatiliwa. Wengi kati ya wanawake hao hawakujua kusoma. Miezi sita baada ya tiba kumalizika, waliobaki na dalili za huzuni kali au wasiwasi mkubwa walikuwa asilimia 9 katika makundi, na asilimia 42 kwa waliopata msaada wa kawaida. Matokeo kwa upande wa hofu ya tukio yalikwenda njia hiyohiyo. Na vita vilikuwa havijaisha.

Hiyo ndiyo namba ambayo viongozi wa wilaya, wachungaji na wakubwa wa miradi wangepaswa kuijua kwa kichwa. Inaonyesha kwamba msichana au mvulana wa kijiji, akifundishwa vizuri na kufuatiliwa, anaweza kufanya kazi hii. Kinachokosekana ni uvumilivu wa kufika kikao cha 12.

Kuhusu maombi, pasiwe na dharau. Vyumba vya maombi vimebeba watu wengi Kalehe wakati hakuna mtu mwingine aliyewabeba. Mtu anayeomba na kuimba na wenzake usiku hayuko peke yake na ndoto yake, na hilo peke yake ni dawa. Tatizo linaanza pale ndoto inapopewa maana moja tu. Mwanamke aliyebakwa anaota mwanaume juu yake, na anaambiwa ana bwana wa usiku. Mjane anaota mume wake aliyesombwa, anaambiwa mume anataka kumchukua. Mtoto anayepiga kelele usingizini anaitwa mlozi, na huko mashariki kote inajulikana yanayoweza kumpata mtoto aliyepewa jina hilo. Anafungishwa chakula, anapigwa, anafukuzwa nyumbani. Mtoto huyo aliona maji yakichukua dada yake. Anapiga kelele kwa sababu hiyo.

Saa nayo inawadanganya watu. Ndoto nyingi za kutisha huja usiku wa manane ukiwa umepita, karibu na saa tisa, na kuna wanaoiita saa ya walozi. Lakini usingizi wenyewe ndivyo ulivyo. Tangu mwaka 1953, huko Chicago, inajulikana kwamba kuna usingizi ambao macho huchezacheza chini ya kope, na mtu akiamshwa katikati yake mara nyingi anakumbuka ndoto. Usingizi huo huwa mrefu zaidi katika nusu ya pili ya usiku, kuelekea asubuhi. Mlozi hana haja ya kushika saa.

Marehemu katika ndoto wanahitaji neno lao. Devon Hinton, daktari wa Marekani aliyewatibu wakimbizi wa Kambodia waliopona mauaji ya wakati wa Pol Pot, aliona kwamba kwa watu hao ndoto ya marehemu ni habari juu ya hali ya marehemu huko aliko: ana njaa, hajatulia, hajafanyiwa ibada. Ukimwambia mtu kama huyo "ni ndoto tu," umemfungia mlango. Kalehe iko karibu na Kambodia kuliko inavyodhaniwa. Hapa pia kuna watu waliozikwa bila jina, bila matanga, wengine bila mwili kuonekana. Mama akisema mtoto amesimama hasemi neno, APS mwenye busara hatamfundisha sayansi ya usingizi. Atamuuliza: ungependa kumwambia nini? Na familia ikiamua kukutana, kusali, kutaja jina la mtoto, kuweka jiwe au kupanda mti mahali fulani, hiyo haipingani na tiba. Mara nyingi ndoto ya namna hii inatulia baada ya kitu kama hicho kufanyika, kwa sababu aliyebaki amefanya alichokuwa anadaiwa na moyo wake. Mchungaji na APS wangeweza kukutana hapo bila kugombana. Lakini lazima waongee, na kwa sasa wengi hawaongei.

Kuna na farmasi. Mtu asiyelala hununua vidonge vya usingizi bila karatasi ya daktari, kimoja leo, viwili mwezi ujao. Au anakunywa kasiksi na kanyanga ili aanguke. Pombe inamlaza mtu haraka, kweli, lakini inaharibu nusu ya pili ya usiku, hasa ile ya ndoto, na ndoto hurudi kwa nguvu siku anayoiacha. Hata dawa za hospitali si jibu la haraka. Prazosini, dawa ya shinikizo la damu ambayo madaktari waliitumainia sana kwa ndoto mbaya za wanajeshi, ilijaribiwa kwa wanajeshi wa zamani 304 huko Marekani, na mwaka 2018 matokeo yakaonyesha kwamba haikushinda kidonge kisicho na dawa ndani. Na kinyume chake, zipo dawa zinazoleta ndoto kali zenyewe: mefloquine ya malaria, na efavirenz ambayo watu wengi wenye virusi vya Ukimwi waliitumia miaka mingi. Mtu ambaye ndoto zake zilianza juma lilelile alilobadilishiwa dawa amwambie muuguzi kwanza, kabla ya kutafuta adui katika ukoo. Asiache dawa kwa kujiamulia.

Lipo pingamizi moja lenye uzito, na halitoki kwa wachungaji. Linatoka kwa hali yenyewe. Tiba nyingi hizi zinaongelea "tukio lililopita." Kivu tukio halijapita. Mtu anasimulia kamba yake na jiwe la mwisho ni la juma lililopita. Anayeota anakimbia risasi, pengine atakimbia kweli kabla ya kikao kijacho, na macho yake yanayofunguka kila mlango ukigonga ni akili nzuri ya mtu anayetaka kuishi. Ni kweli. Hakuna tiba itakayomfanya mtu alale kama mtoto mahali ambapo bunduki zinalia, na anayeahidi hivyo anadanganya. Lakini kuna tofauti kati ya mtu anayeogopa hatari ya leo na mtu anayeishi tena hatari ya 2023 kila usiku juu ya hiyo ya leo. Wa kwanza anaweza kuamua: nilale wapi, nikimbilie njia ipi, watoto nimwachie nani. Wa pili amechoka mno hata kuamua. Kumpunguzia mzigo mmoja kati ya miwili kunamsaidia hata kukimbia.

Tena pasisahaulike kwamba si kila kusimulia ni tiba. Kumsimamisha mama mbele ya wageni wa mradi, wenye kamera, aeleze alivyopoteza watoto, kisha wakamshukuru na kuondoka, hakumpi tarehe wala mpangilio. Kunamrudisha sokoni na kumwacha huko. Kama usiku ule anaota vibaya zaidi, basi hiyo si ile hatua ya kusogea iliyoelezwa hapo juu. Huyo ameumizwa. Tofauti ni kama kuna mtu mmoja, yuleyule, anayemngoja juma linalofuata.

Na hapo lawama inawafikia wanaopanga miradi. Mingi inahesabu watu waliofikishwa. Mia mbili wamesikilizwa, mia tatu wamesikilizwa, ripoti inatumwa. Mtu aliyekuja mara moja na mtu aliyekuja mara kumi na mbili wanaandikwa sawa. Hakuna safu kwenye karatasi inayouliza: bado unaota? Ni ileile? Imebadilika nini? Unaamka mara ngapi kwa juma? Maswali haya hayana gharama, APS yeyote anaweza kuyauliza kwa Kihavu, Mashi, Kitembo ao Kiswahili, na mgonjwa anayajibu bila aibu, kwa sababu kila mtu anaota. Kuna watu ambao hawatasema "nina huzuni" hata ukiwangoja mwaka mzima, lakini watakueleza ndoto yao mara moja. Kuwauliza mapema kuna faida nyingine: mgonjwa anaweza kuambiwa tangu kikao cha kwanza kwamba ndoto yake huenda ikabadilika sura, kwamba huenda akaona nyuso, kwamba huenda akalia. Likimfika, atajua. Jirani akisema "wamekufungulia mlango," atakuwa na jibu.

Kisha kuna suala la pesa na muda. Mwaka 2025, Marekani ilipofunga shirika lake la USAID, huduma nyingi mashariki mwa Kongo zilibaki bila mshahara wa wafanyakazi wake, na vikao vya namna hii huwa vya kwanza kukatwa, kwa kuwa havionekani kwa picha kama kisima au tanki la maji. Hospitali zipo: Panzi ya Bukavu, ambayo daktari Denis Mukwege aliyepata tuzo ya Nobel ya amani mwaka 2018 ameiongoza, Sosame palepale Bukavu, Tulizo Letu huko Goma. Lakini mtu wa Nyamukubi hatapanda boti kila juma kwa ajili ya ndoto, na jina la hospitali ya akili peke yake linawafanya wengi waone haya. Vikao lazima vikae kijijini, karibu na senta ya afya, na mtu wa kuviongoza awe ni wa hapo, anayelipwa hata kidogo, na anayefuatiliwa na mtaalamu anayefika mara kwa mara.

Vilevile kalenda iangaliwe. Mvua huanza Septemba. Wingu linapotanda upande wa milima, hata mtu aliyekaa miezi bila kuota anaweza kuota tena, na atadhani kila kitu kimerudi mwanzo. Hakijarudi; mwili umesikia mvua tu, na vikao vichache vinaweza kumsaidia kurudi alipokuwa. Lakini lazima vikao hivyo viwepo. Mradi unaofungua Januari na kufunga Juni unamwacha mgonjwa miezi mitatu kabla ya mvua ya kwanza. Afadhali uanze Machi, upite msimu wa kiangazi, na umkute bado yuko kwenye kundi lake Oktoba, na tena Mei inayofuata, tarehe 4.